Kaa Kando ya Mmoja

Leo naongea na wewe uliye chuo cha ualimu, unayesubiri kwenda mazoezi ya kufundisha. Wazazi, someni pia, maana huenda mtoto ninayemtaja ni wako.

Kuna kijana wetu wa Gredi ya 8. Tukigawana mistari ya kusoma kwenye ibada ya vijana, yeye huenda msalani. Msimwite mtovu wa nidhamu. Kusoma kunamshinda, na amejificha hivyo miaka mingi. Mpango wa Tusome ulipoenea nchi nzima mwaka 2015, ulilenga madarasa ya chini. Aliyepita hapo bila kushika, akifika sekondari msingi kila mwalimu anadhani mwenzake alishamfundisha.

Mbele ya darasa hatajaribu, atachekwa. Mkiwa wawili, atajaribu. Kumbuka Filipo katika Matendo 8: aliacha umati wa Samaria, akakimbilia gari la mtu mmoja, akaketi kando yake, akaanzia pale pale yule Mwethiopia alipokuwa akisoma. Na huyo alikuwa mkuu wa hazina ya malkia!

Basi usimletee kijana wa miaka 14 kitabu cha picha za paka. Tafuta habari fupi ya mpira au ya pikipiki, ambayo maneno mengi anayaweza. Mwache asome kwa sauti, wewe nyamaza na penseli yako. Je, anaruka maneno? Anakisia kwa herufi ya kwanza? Kiswahili hutamkwa kilivyoandikwa, Kiingereza humdanganya. Akikwama, hesabu hadi tano kimoyomoyo kabla ya kumsaidia. Kesho arudie habari ile ile. Kisha funika karatasi, akusimulie, maana wako wanaotamka kila neno na hawajaelewa hata moja.

Mlango uwe wazi, wapitao wawaone. Hilo halina mjadala.

Nawe utafaidika. Ukisimama mbele ya watoto 60, huwezi kusikia mmoja anakwama wapi. Sikio hilo hulipati kwenye noti za chuo.

Vyumba vya shule ya Jumapili viko wazi Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni. Mama wa yule kijana amekubali, na kijana mwenyewe ameuliza kama kuna watu watamwona. Nimemwambia ni mwalimu tu. Sasa nahitaji huyo mwalimu. Niandikie.