Nimekosea, Mwanangu

Mama mwenzangu mpendwa, mara ya mwisho kumwomba mwanao radhi ilikuwa lini? Mimi nilikuwa sijawahi. Nilidhani mzazi akijishusha hivyo, watoto watampanda kichwani.

Nafundisha kemia sekondari, na wasichana wangu hupenda sana habari za Frances Arnold, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1956. Ujanani aliwahi kuendesha teksi. Baadaye akasomea uhandisi, akaingia katika kemia, na mwaka 1986 akaanza kazi katika chuo cha Caltech, California.

Kazi yake ni vimeng'enya, yaani vichocheo vya asili. Ukitafuna ugali kwa muda mrefu huwa mtamu mdomoni, maana kimeng'enya cha mate hugeuza wanga kuwa sukari. Viwandani kemikali nyingi hutengenezwa kwa joto kali, pengine na madini yenye sumu. Arnold alitaka vimeng'enya vifanye kazi hiyo. Kuvibuni kichwani haikuwezekana, basi alifanya kama bibi yangu na mahindi yake ya mbegu. Alibadilisha jeni kwa kubahatisha, bakteria wakatengeneza vimeng'enya vipya, akachagua kilicho bora, akarudia tena na tena. Mwaka 1993 alionyesha kimeng'enya kilichofanya kazi mara 256 zaidi ya kile cha mwanzo, tena ndani ya kimiminika ambacho kwa kawaida hukidhoofisha. Mwaka 2018 akapewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya kemia, mwanamke wa tano kuipata. Na huku alilea wana watatu, akaugua saratani ya matiti, na mwaka 2016 akamzika mmoja wa wanawe.

Lakini siyo hayo yaliyonichoma. Mwaka 2019 yeye na wenzake walichapisha makala juu ya vimeng'enya vya kuunda laktamu, umbo la kikemia lililomo hata katika penisilini. Kazi iliporudiwa, matokeo hayakupatikana, na daftari la maabara lilikuwa na mapengo. Januari 2020 aliiondoa makala hiyo, akaomba radhi mbele ya watu wote. Alikiri kwamba siku zile alikuwa na shughuli nyingi na hakufanya kazi yake vizuri. Mtu mwenye Nobel!

Nilikuwa nikiandaa somo hilo mezani, kalamu ikanigoma. Wiki tatu kabla nilikuwa nimemchapa binti yangu kwa pesa ya maziwa iliyopotea. Jioni ile ile niliikuta kwenye pindo la kanga yangu, nikanyamaza. Jumapili niliimba kwaya kama kawaida, sauti ya kwanza.

Nilimwomba Mungu anipe ujasiri, kisha nikamwita.

"Mwanangu, ile pesa hukuichukua. Ilikuwa kwangu. Nimekosea, nisamehe."

Alikaa kimya, akichezea ukili wa mkeka.

"Nilijua, mama," akasema. "Nilikuona ukiifungua kwenye kanga."