Kwelea na Uzi

Katika bonde la Kilombero, mpunga uanzapo kutoa masuke, watoto wengi hawana nafasi ya kucheza mchana. Hupanda dunguni tangu alfajiri, wakaamia ndege mpaka jua lichwe. Dungu ni jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya mpunga. Aketiye juu yake huona shamba lote, naye huwa na kombeo, na vidonge vya udongo mkavu, na debe bovu la kupigia kelele. Adui yake ni kwelea. Ndege huyu ni mdogo sana, uzito wake haufiki gramu 30, walakini huja kwa makundi kama moshi, na shamba lisilolindwa laweza kubaki makapi matupu.

Katika shamba mojawapo karibu na Ifakara alikuwako mvulana aliyewekwa kuamia mpunga wa babu yake. Madungu ya majirani hayakuwa mbali, na wavulana wawili wa huko walikuwa rafiki zake. Siku moja, kwelea walipokuwa wamekwenda kunywa maji mtoni, wale watatu walikutana chini ya mti, wakapaka ulimbo juu ya vijiti, wakanasa kwelea watatu wazima. Kila mmoja akamfunga ndege wake mguuni kwa uzi wa katani, kisha wakawarusha juu pamoja. Ambaye ndege wake aliruka zaidi kabla ya kuanguka alishinda, naye alipewa kipande cha muwa.

Ndege wa mvulana yule alishinda mara tatu. Mara ya nne hakuinuka. Alikaa chini, mabawa yamekunjuka, mdomo wake mwekundu u wazi, akihema. Mvulana akautikisa uzi. Ndege akaruka kidogo, akaanguka. Akautikisa tena.

Wakati huo babu yake alikuwa akija na chakula. Alisimama akatazama kwa kitambo.

"Shikamoo, babu," wakasema wavulana.

"Marahaba, wajukuu zangu. Mchezo gani huo?"

"Mchezo wa kurusha ndege, babu."

"Nao wanaocheza ni wangapi?"

"Watatu," akajibu mjukuu wake.

"Na huyu?" Babu akamwonyesha yule kwelea. Mvulana akanyamaza. Babu akasema, "Mchezaji akichoka husema basi, na wenzake humwacha akapumzika. Huyu amekwisha kusema basi, wala hakuna aliyemsikia. Ukate uzi, tuone kama atarudi kucheza nanyi."

Mvulana akaukata kwa meno. Lakini uzi ulikuwa umezama katika nyama ya mguu, na kipande chake kikabaki. Kwelea akaruka upande upande, akapita juu ya masuke machache, akaanguka katikati ya mpunga. Mvulana akashuka shambani kumtafuta. Alitafuta mpaka miguu yake ikakatwa na majani, asimwone.

Aliporudi alikuwa na hasira kidogo, kama mtu aliyeona haya. Akasema, "Babu, asubuhi wewe mwenyewe ulinituma niwapige kwelea kwa kombeo. Mbona sasa wamhurumia mmoja?"

Babu akamjibu, "Nilikutuma ulinde chakula. Sikukutuma ucheke."

Swali la mvulana huyo si la kipumbavu. Mkulima wa Kilombero hana budi kuwafukuza kwelea, na pengine kuwaua, kwa kuwa mpunga ukiisha watoto wake watalala na njaa. Mvuvi wa Kindamba huvua samaki mtoni apate kula na kuuza. Mchinjaji huchinja mbuzi. Mambo haya yote humwumiza mnyama, lakini mtu mwema akiyatenda hutaka yaishe upesi. Hunoa kisu chake, wala hapendi mbuzi alie. Bali afanyaye mateso kuwa mchezo hutaka yadumu. Maumivu ya mnyama ndiyo mchezo wenyewe, na yakiisha mchezo umekwisha. Hapo ndipo njia mbili hizi zinapoachana.

Wala si watoto peke yao waliosahau kumhesabu mnyama kati ya wachezaji. Watu wazima nao, katika nchi nyingi, hutumia wanyama kwa furaha zao.

Katika bonde la Kilombero lenyewe, pamoja na Wandamba, Wapogoro na Wabena, sasa hukaa Wasukuma wengi waliohamia na ng'ombe zao. Kwao Usukumani, baada ya mavuno, vikundi viwili vya wachezaji, Bagika na Bagalu, hushindana kwa ngoma, na kile kivutacho watazamaji wengi zaidi ndicho kishindacho. Kila kikundi hutafuta ajabu ya kuwavuta watu. Kwa hiyo wengine hucheza na nyoka; mchezaji huinuka na chatu mabegani, na watu hupiga vigelegele. Waganga wa nyoka, waitwao Bayeye, ni watu wa kuheshimiwa, kwa maana wana elimu ya tabia za nyoka na dawa za sumu zao, na elimu hiyo imewafaa wengi. Lakini chatu hakuja ngomani kwa hiari yake. Aliye na elimu ya nyoka ndiye ajuaye zaidi ya wote jinsi nyoka aogopavyo kishindo na mikono ya watu. Basi yeye ndiye apasaye kuwa wa kwanza kumwonea huruma.

Huko Kakamega, magharibi ya Kenya, Waisukha na Waidakho hupiganisha fahali. Asubuhi na mapema wenye fahali huwaongoza uwanjani kwa nyimbo na ngoma za isukuti, na umati huwafuata mbio. Fahali wawili hukabiliana, pembe kwa pembe, mpaka mmoja akimbie. Wenye mchezo huo hujitetea wakisema ya kwamba fahali wa kupigana hatiwi nira ya jembe, naye hulishwa vizuri kuliko wenzake. Neno hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba fahali wawili wakutanapo malishoni hupigana wenyewe. Walakini malishoni aliye dhaifu huona njia ya kukimbia mapema, wala hakuna watu elfu wanaomzunguka wakimpigia kelele ili arudi.

Na katika kisiwa cha Pemba uko mchezo wa ng'ombe, ambao wengi husema uliachwa na Wareno waliotawala pwani zamani. Dume hufungwa kamba ndefu, na vijana humchokoza kwa nguo, wakikimbia ajapo, huku wanawake wakiimba. Tofauti na desturi ya Hispania, ambako dume huchomwa mikuki na mwisho huuawa kwa upanga mbele ya watazamaji, Pemba dume hauawi. Hiyo ni tofauti kubwa, na Wapemba wastahili kusifiwa kwayo. Hata hivyo, dume aliye kambani na kijana aliye huru hawachezi mchezo mmoja. Kijana akichoka huenda kwao.

Wako watakaosema, "Hizi ni mila za wazee. Mtu asiziguse." Mila ni hazina, na mtu atupaye hazina ya wazazi wake ni mpotevu. Lakini hata mwenye hazina hukagua sanduku lake mara kwa mara, akatoa kilichooza ili kisiharibu kilicho kizima. Ngoma ya isukuti ni nzuri hata pasipo damu ya fahali. Mashindano ya Bagika na Bagalu hupendeza kwa nyimbo, kwa mavazi na kwa wepesi wa wachezaji.

Wala asidhani mtu kwamba ukatili huu ni wa Waafrika tu. Uingereza, watu walikuwa wakimfunga fahali kwenye nguzo, kisha wakamwachia mbwa wakali wamrarue, nao wakicheka na kuwekeana fedha. Walipiganisha majogoo waliovikwa miguuni vyuma vyenye ncha. Mwaka 1800 shauri la kukataza mchezo wa fahali na mbwa lililetwa katika Bunge lao, likashindwa. Walioutetea walisema ni desturi ya kale, nayo ni furaha ya maskini. Mwaka 1822 ilipitishwa sheria ya kuwalinda ng'ombe, farasi na kondoo, iliyoletwa na Richard Martin, na watu wengi wakamdhihaki. Mwaka 1824 chama cha kuwatetea wanyama kikaanzishwa mjini London. Mwaka 1835 ndipo mchezo wa fahali na mbwa, na ule wa majogoo, ilipokatazwa. Yaani maskini walinyang'anywa mchezo wao baada ya miaka 35 ya kushindana. Na matajiri, ambao mchezo wao ulikuwa kuwinda mbweha kwa farasi na mbwa wengi, waliendelea mpaka ikatoka sheria ya mwaka 2004. Hivyo kila mtu huona upesi ukatili wa mchezo wa jirani, akachelewa kuuona wa kwake.

Tanzania Bara nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ikatazayo kuwatendea wanyama ukatili. Sheria ni nzuri, lakini askari hawezi kusimama chini ya kila mti penye watoto watatu na uzi. Hapo mlinzi ni moyo wa mtu mwenyewe. Suleimani mwenye hekima alifundisha ya kwamba mtu mwenye haki hujulikana hata kwa jinsi aangaliavyo uhai wa mnyama wake.

Watu wa Ifakara wana ukumbusho wa jambo hili karibu nao. Hospitali yao kubwa yaitwa kwa jina la Mtakatifu Fransisko, na mapadre Wakapuchini waliotoka Uswisi, waliofanya kazi miaka mingi katika nchi ile, ni wafuasi wake. Fransisko alikuwa mtu wa Assisi, katika Italia, akafa mwaka 1226. Husimuliwa kwamba siku moja alikutana na kijana aliyekuwa akichukua hua aliowanasa, akienda kuwauza. Fransisko akamsihi ampe. Kijana akampa, naye akawachukua kifuani pake, akawatengenezea viota. Katika hadithi hiyo hua hawakuwa na neno la kusema wala fedha ya kujikomboa. Walipata mtu mmoja aliyesimama njiani akauliza habari zao.

Mvulana wa dunguni alikula chakula kidogo siku ile. Jioni, kabla ya kurudi kibandani, alizunguka tena mahali pale alipoanguka yule kwelea, akitenga mpunga kwa mikono miwili. Hakuona kitu.

Kesho yake alfajiri kwelea walikuja kama desturi yao, naye akapanda dunguni akawapigia debe na kuwatupia vidonge vya udongo, kwa kuwa kazi ni kazi na mpunga ni chakula. Jua lilipokuwa kali ndege wakaenda mtoni. Rafiki zake wakamwita kutoka chini ya mti, mmoja ameshika kijiti chenye ulimbo.

Mvulana akashuka, akawaendea. Akautwaa uzi wa katani uliokuwa mkononi mwa mwenzake, akaukata vipande viwili virefu. "Tucheze kuvuta kamba," akasema. "Atakayechoka aseme basi."

Mmoja alicheka, akamwita mwoga. Mwingine alifikiri kidogo, kisha akashika ncha ya uzi.