Honi ya Babu

Niliposafiri kwenda Uingereza mwezi wa Mei, Babu hakuniagiza koti wala saa. Aliniagiza sauti. "Nasikia wenzetu bado wanazo injini za mvuke," alisema. "Ukiiona hata moja, nirekodie honi yake."

Babu alikuwa mchochea moto wa injini, au fayamani kama wenyewe walivyojiita, kwenye reli ya kutoka Tororo kwenda Gulu na Pakwach. Aliingia kazini mwaka 1965, wakati reli za Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa bado chini ya shirika moja. Watu hudhani alishinda na beleshi akitupia makaa ya mawe. Sivyo. Injini zao zilichoma mafuta mazito, na kazi yake ilikuwa kuongoza vali za mafuta na maji huku jicho halibanduki kwenye kipimo cha mvuke. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili. Nyumbani tunazungumza Dhopadhola na shuleni Kiingereza, lakini Babu akihesabu fedha, akikasirika au akisimulia habari za reli, lugha hubadilika yenyewe. Dereva wake alikuwa Mjaluo wa Kisumu, na mkuu wa stesheni alikuwa Mtaita. Hawakuwa na lugha nyingine ya kuambiana, "Angalia, maji yamepungua!" Ndiyo sababu nilichagua Kiswahili chuoni, ingawa wenzangu walinicheka kwamba nasomea lugha ya askari.

Shangazi, binti wa kwanza wa Babu, ni muuguzi katika mji wa Southampton. Kwake ndiko nilikofikia. Nilipomweleza agizo la Babu alinyamaza, akaendelea kumenya viazi. Siku yake ya mapumziko ilipofika akaniambia, "Vaa viatu vya kutembelea. Kuna bustani yenye treni."

Bustani hiyo inaitwa Exbury. Iko pembeni mwa msitu wa New Forest, karibu na mto Beaulieu. Nilitarajia bustani kama za hoteli zetu za Kampala, zenye vijia vilivyonyooka na majani yaliyokatwa sawasawa. Nikakuta msitu. Chini ya mialoni mirefu vichaka vilikuwa vimechanua rangi nyekundu, zambarau na njano, vingine virefu kupita paa la nyumba. Ni rododendroni na azalea, mimea ambayo asili ya mingi ni milima ya Himalaya na Uchina. Lionel de Rothschild, mtu wa ukoo wa mabenki, alinunua shamba hilo mwaka 1919, akachangia gharama za safari za watafuta mbegu huko Asia, kisha akapandanisha aina mpya zaidi ya elfu moja. Alifariki mwaka 1942, na mwaka huohuo jeshi la majini likaichukua nyumba yake kwa ajili ya vita. Mwanawe, Edmund, ndiye aliyeifufua bustani na kuifungulia watu. Mdogo wake Edmund, Leopold, alipenda mno treni za mvuke, na akiwa mzee alitimiza ndoto yake: reli ndogo ya kilomita mbili hivi ikafunguliwa humo mwaka 2001. Kumbe teknolojia ni ya kale, lakini reli yenyewe inanizidi umri miaka miwili tu.

Stesheni ilijaa watoto na wazee wenye aiskrimu. Injini ilikuwa imesuguliwa ikang'aa kama sufuria ya arusi. Nilimuuliza dereva upana wa reli, kwa kuwa nilijua Babu ataniuliza. Inchi kumi na mbili na robo, akanijibu kwa fahari. Nilipopima baadaye mezani kwa Shangazi, haikuzidi shubiri yangu moja na nusu.

Honi ikalia. Nikageuka kumwonyesha Shangazi, nikamkuta amerudi nyuma hatua kadhaa, mtandio umefunika pua.

"Panda wewe. Mimi nitakungoja hapa."

Nilidhani ni moshi. Kisha akasema, bila kunitazama, "Hiyo ndiyo harufu ya ovaroli zake. Mimi ndiye niliyezifua. Mikono yangu ilinuka mafuta hadi darasani, watoto wakaniita Mafuta." Akanyamaza kidogo. "Mama alipofiwa na yule mtoto wa tatu, baba yako akiwa bado hajazaliwa, Babu yako alikuwa Pakwach. Simu ya upepo ilipelekwa stesheni. Alifika tumeshazika. Tulisikia honi tukiwa njiani kurudi kutoka kaburini. Tangu siku hiyo nikisikia honi, nasikia mtu aliyechelewa."

Habari za mtoto huyo sikuwahi kuzisikia. Katika hadithi zote za Babu, treni ilifika kwa wakati.

Sikujua la kumwambia. Nikasema tunaweza kurudi nyumbani. Lakini nyuma yetu kulikuwa na foleni, na mzee wa kukata tiketi alikuwa ameshika mlango wa behewa la mwisho akitungoja kwa adabu. Shangazi aliguna, akaingia kwanza.

Treni ilipita juu ya daraja, ikaingia handakini, ikatokea ukingoni mwa bustani ya mawe. Watoto walipiga kelele gizani, wakacheka mwangani. Niliwatazama nikawaza: kwao moshi huu utakuwa harufu ya likizo. Sikuwaonea kijicho, wala sikumlaumu mzee aliyejijengea treni ya kuchezea msituni. Ila niliona kwamba kitu kilekile kinaweza kuwa mchezo wa mmoja na deni la mwingine, na mtu akinunua tiketi haulizwi ni lipi kati ya hayo mawili amekuja nalo. Nilinyoosha simu nje ya dirisha nikirekodi. Honi ilipolia mara ya mwisho, Shangazi aliinamia simu akasema kwa Kiswahili, "Baba, ni mimi. Niko ndani ya treni."

Niliporudi Tororo nilimkuta Babu amekaa chini ya mwembe. Aliniuliza upana wa reli kabla hajaniuliza habari za safari. Nilipomwonyesha kwa shubiri alicheka hadi akakohoa. Reli yao ilikuwa mita nzima. Nikamwekea sauti sikioni. Akasikiliza amefumba macho.

"Hii si treni," akasema. "Hii ni birika."

Kisha sauti ya Shangazi ikatokea. Babu akafumbua macho. Akaniomba nirudie, na nilipotaka kuanzia kwenye honi akanizuia kwa mkono. Alitaka pale mwisho tu. Nikarudia mara tatu.

"Alikaa behewa la ngapi?" akauliza.

"La mwisho, Babu."

Akatikisa kichwa polepole. "Vizuri," akasema. "Kule nyuma moshi haumfikii sana."