Mgeni wa Mjimwema akishaitwa Mama Fulani

Basi linapoingia Songea usiku, kondakta hupaza sauti: "Shule ya Tanga! Mwisho wa gari, Shule ya Tanga!" Mtoto aliyepandia gari Tanga mjini, akapita Chalinze, Morogoro, kona za Kitonga, Iringa, Makambako, Njombe na milima ya Lukumburu, huinua kichwa kwenye mapaja ya mama yake na kuuliza kama wamerudi walikotoka.

Hawajarudi. Tanga ni moja ya kata za Manispaa ya Songea, na stendi kuu ya mabasi iko hapo. Nje ya stendi bajaji zinasubiri abiria. Mama anataja mahali anapokwenda: Mjimwema.

Mjimwema nyingine iko Kigamboni, Dar es Salaam, na nyingine iko Njombe. Hii ya Songea ni kata ya kawaida ya mji wa mkoani: nyumba za tofali za kuchoma, udongo mwekundu, migomba na mahindi nyuma ya nyumba, vibanda vya nyanya na mkaa pembeni mwa barabara, na kituo cha afya kinachobeba jina la kata. Wanaohamia hapa wengi hawakuchagua. Ni walimu, wauguzi, askari, watumishi wa benki na wa halmashauri waliopata barua ya kupangiwa kazi au ya uhamisho. Wengine wamefuata biashara ya mahindi.

Swali linalowasumbua wazazi wengi walioshika barua ya namna hiyo ni moja: niende na watoto, au niwaache kwa bibi yao mpaka nitulie?

Mambo yanayompendeza mgeni haraka

Waulize Wazungu waliohamia miji kama Chiang Mai kule Thailand ni nini kinawafurahisha, watakutajia chakula, unafuu wa maisha, hali ya hewa na mji usiochosha kuuzunguka. Mgeni wa Songea naye huanza na hayo hayo.

Chakula kwanza. Ruvuma ni moja ya mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una maghala yake hapa Songea. Mama aliyezoea kununua unga kwa kilo mjini hushangaa kuona jirani anaweka ndani magunia ya mwaka mzima na kupeleka mashineni debe kwa debe. Maharage yapo, parachichi zipo, na dagaa wa Nyasa wanapanda kutoka ziwani kupitia Mbinga. Watoto hujifunza kupenda togwa. Mvua zikianza, kando ya barabara hutokea wauza uyoga wa porini na masuku, matunda ya mwituni ambayo mtoto wa pwani hajawahi kuyaona. Hapo mzazi mgeni aambiwe mapema: uyoga ununue kwa wanaoujua, na mtoto asiokote mwenyewe, kwa kuwa upo wenye sumu.

Pili ni umbali. Songea si mji wa foleni. Mzazi anaweza kutoka kazini, akapita sokoni, akawa nyumbani kabla jua halijazama na kukagua daftari la mtoto kukiwa bado na mwanga. Kwa mtu aliyetoka Dar es Salaam, ambako wazazi wengi hutoka watoto wamelala na kurudi wamelala, saa hizo mbili za jioni ni kama nyongeza ya mshahara.

Tatu ni umeme. Wenyeji wanaukumbuka wakati mji ulipotegemea mashine za mafuta, na giza likawa sehemu ya wiki. Mwaka 2018 njia kubwa ya umeme kutoka Makambako ilipofika, Songea iliunganishwa na gridi ya taifa. Waliokuja baada ya hapo hawajui walichoepuka.

Mambo yanayouma

Lakini sweta nayo ni habari. Songea iko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba baridi yake huwatoa machozi watu wa pwani. Mtoto aliyezoea kuoga maji ya bomba asubuhi atagoma, na atakuwa na haki. Halafu kuna masika ndefu, kuanzia karibu mwisho wa Novemba hadi Aprili, na matope mekundu yasiyotoka kwenye soksi nyeupe za shule.

Kinachouma zaidi ni umbali. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Simu ikilia usiku kwamba baba mzazi ni mgonjwa Tanga, hakuna kusema "nakuja sasa hivi". Utasubiri basi la alfajiri, nauli ya kwenda na kurudi italiwa na akiba ya mwezi, na huenda ukafika mazishi yamepita.

Kwa sababu hiyo wageni wengi huishi mwaka wa kwanza mguu mmoja ndani, mmoja nje. Hawanunui kabati, wananing'iniza nguo kwenye msumari. Kila jioni wanapiga simu kutafuta mtumishi wa kubadilishana naye kituo. Watoto wako kwa bibi, na mzazi anawalea kwa simu na kutuma pesa za ada na viatu.

Chukua mfano wa muuguzi wa namna hiyo, mama wa watoto wawili aliyetoka Tanga. Mume amebaki na duka, watoto wako kwa bibi. Hapa Mjimwema amepanga chumba na sebule. Anaamka, anakwenda zamu, anarudi, anafunga mlango. Majirani wanamheshimu, wanamsalimia vizuri, wanamwita "nesi". Hana ugomvi na mtu. Wala hana mtu.

Kuitwa jina

Katika mitaa yetu mwanamke mzazi haitwi kwa jina lake, anaitwa kwa mtoto wake. Nani anamwita Mama Fulani ikiwa huyo Fulani hajawahi kuonekana? Jirani atamwita dada, atamwita nesi, atamwita mpangaji wa mzee. Hayo yote ni majina ya mtu anayepita.

Watoto wakija, mambo hubadilika kwa wiki chache. Mtoto hajui kwamba yeye ni mgeni. Siku ya pili ameshaingia uani kwa jirani kufuata mpira. Siku ya tatu amekula huko. Wiki ya pili anarudi na maneno ya Kingoni aliyofundishwa na wenzake, mengine hayafai kurudiwa mezani. Darasani amezungukwa na akina Komba, Ngonyani, Mapunda, Haule na Ndunguru, nao wanataka kujua bahari ina chumvi kweli au ni hadithi.

Na mama sasa ana jina. Anatafutwa kwa sababu mtoto wake ameumia mguu kwa jirani, anaulizwa sare ameshonea wapi, anaingizwa kwenye kikundi cha kinamama cha kuweka na kukopa. Kukiwa na msiba mtaani anaambiwa, "Mama Fulani, wewe unga, mimi kuni." Anayejua maisha ya mtaa wa Kitanzania anaelewa uzito wa maneno hayo. Mgeni hutumiwa salamu za rambirambi akapeleke, mwenyeji hupangiwa kitu cha kubeba. Na siku simu ya usiku itakapolia kutoka Tanga, kutakuwa na mlango wa kugonga, mtu wa kubaki na watoto, na bahasha ya michango kabla ya basi la alfajiri.

Huo ndio msingi wa furaha ya mgeni. Hali ya hewa na bei ya unga humfanya asilalamike. Kinachomfanya akae ni kuhitajiwa na watu wa hapo.

Shamba la ekari moja

Hatua nyingine ambayo wakaaji wa siku nyingi humshauri mgeni ni kukodi shamba, hata ekari moja. Mvua za kwanza zikidondoka, mji mzima unazungumza habari ya mbegu na mbolea, kuanzia ofisini hadi kijiweni kwa bodaboda. Asiyelima anabaki nje ya mazungumzo. Anayelima ana la kuuliza kila siku: umepanda lini, umetia mbolea ya kukuzia, viwavi umewaona?

Faida ya ekari hiyo si mahindi peke yake. Mtu akipanda Desemba, lazima awepo Mei kuvuna. Bila kujijua ameacha kuhesabu siku za kuondoka. Na mtoto aliyevuna gunia lake mwenyewe hawezi kuambiwa tena kwamba unga unatoka dukani.

Mji uliojengwa na wageni

Mzazi aliyehamia Songea asiache kuwapeleka watoto Makumbusho ya Majimaji, pale Mahenge. Watajifunza kwamba Wangoni wenyewe, wenyeji wa leo, walikuja wakiwa wageni. Mababu zao walitoka kusini mwa Afrika katika karne ya 19, wakavuka mto Zambezi, wakafika huku kwa mikuki na ngao, wakachanganyika na waliowakuta hata lugha ikabadilika. Walipigana vikali na Wahehe. Leo Mngoni na Mhehe ni watani, wanatupiana maneno kwenye harusi na misiba.

Watajifunza pia juu ya mgeni wa aina nyingine. Wajerumani walikuja kutawala, na wakati wa vita vya Majimaji, Februari 27, 1906, waliwanyonga hapa wapiganaji zaidi ya 60. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unabeba jina lake, naye alinyongwa mwaka huo. Kila Februari mji unawakumbuka. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika kwenye makumbusho hayo, akakutana na wazao wa Nduna Songea na kuomba msamaha.

Taifa hilo hilo ndilo lililoleta watawa wa Kibenediktini, walioanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, kama kilomita 24 kutoka mjini. Hospitali yao inatibu watu hadi leo. Kwa hiyo mtoto anaweza kuona ndani ya wilaya moja kwamba mgeni hukumbukwa kwa alichokuja kukifanya.

Kuamua

Si kila familia inaweza kuhama yote. Kuna mtoto wa kidato cha nne asiyefaa kuhamishwa katikati ya mwaka, kuna duka lisiloweza kufungwa, kuna bibi anayehitaji wajukuu karibu. Hayo yapimwe nyumbani, na wote wawili, baba na mama, wayapime pamoja. Ila mzazi asijidanganye kwamba atatulia kwanza, kisha awalete watoto. Mara nyingi huwa kinyume chake: watoto ndio wanaomtuliza. Wakija Desemba, wataanza Januari pamoja na wenzao, na hadi baridi ya Juni ifike watakuwa wameshapata marafiki. Waje na chandarua na sweta.

Likizo ikifika, familia hiyo inarudi stendi na mabegi kwenda kumwona bibi. Mpiga debe anamwuliza mtoto anakwenda wapi.

"Tanga," anajibu.

"Tanga? Si upo Tanga tayari!"

Na mtoto, ambaye ule usiku wa kwanza aliuliza swali hilo hilo kwa hofu, sasa anacheka kuliko wote. Anamwambia yule kijana, "Nakwenda ile nyingine. Narudi Januari."