Tasnifu Inayoanzia Pale Mwenzio Alipoishia

Ukinunua kibao cha ESP32 Kariakoo au Luthuli Avenue kwa ajili ya mradi wako wa mwaka wa mwisho, ndani yake kuna kazi ya mwanafunzi. Sehemu inayokiwezesha kibao hicho kuzungumza na intaneti ni programu iitwayo lwIP, na lwIP ilielezwa kwa mara ya kwanza kwenye tasnifu ya uzamili ya Adam Dunkels, kijana wa Uswidi, mwaka 2001. Swali lake lilikuwa jembamba: itifaki za intaneti zinaweza kubanwa hadi wapi ili zienee kwenye kifaa chenye kumbukumbu ndogo? Alilijibu, akauacha msimbo wake wazi, wenzake wakauchukua wakaendelea nao.

Naishi Uppsala, hukohuko Uswidi, na vifaa vidogo vinavyowasiliana kwa redio ndiyo kazi ninayoishughulikia kila siku. Kinachonikereketa moyoni si kwamba wanafunzi wa huku wana maabara nzuri kuliko wa nyumbani. Wanazo, hilo halina ubishi. Ila vijana wa kwetu niliowaona wakihangaika na waya na lehemu usiku kucha hawapungukiwi akili wala juhudi. Wanachokosa ni mahali pa kuanzia. Kila mwaka wanaanza sifuri.

Chukua modemu ya SIM800L, ile ndogo nyekundu ambayo karibu kila mradi wa nyumbani unaotuma SMS huitegemea, uwe wa kumwagilia bustani, wa kupima maji kwenye tangi au wa kugundua gesi jikoni. Modemu hii inataka volti kati ya 3.4 na 4.4, na inapotafuta mnara au kutuma ujumbe huvuta mkondo unaoweza kufika ampea 2 kwa kipindi kifupi sana. Mwanafunzi anaiunganisha kwenye Arduino yake inayopata umeme wa USB wa laptopu, ambao kwa kawaida ni nusu ampea tu. Taa inawaka, modemu inajisajili, mara inazima na kuanza upya. Anabadilisha laini, ananunua vocha nyingine, anaandika programu upya, anaamini ameuziwa kifaa kibovu. Wiki zinakatika. Hatimaye mtu anamwambia aweke betri yake peke yake, waya nene na fupi, na kapasita kubwa karibu na modemu, na kila kitu kinatulia. Maarifa hayo ameyapata kwa jasho. Kisha anahitimu, ripoti yake iliyojaladiwa inaingia kabatini, na mwaka unaofuata kijana mwingine wa idara ileile anaanza kubadilisha laini.

Huku nilipo, tasnifu ya uzamili hutengewa wiki 20 za kazi ya siku nzima, bila masomo mengine pembeni. Mwanafunzi hatafuti mada ya kuvutia. Msimamizi humkabidhi swali lililobaki kutoka kwa aliyemtangulia, pamoja na msimbo wa huyo aliyemtangulia. Akitaka kujaribu mtandao wa vifaa hamsini naye ana viwili tu, anafungua Cooja, programu ya kuigiza mitandao ya sensa ambayo nayo ilizaliwa na tasnifu, ya Fredrik Österlind, mwaka 2006, katika taasisi ya utafiti ya SICS iliyokuwa Kista, Stockholm. Mwanafunzi wa leo anasimama juu ya mabega ya wanafunzi wenzake.

Kisha anapima, na hapa ndipo ninapoona tofauti kubwa zaidi. Nyumbani, siku ya maonyesho, jopo huuliza: kinafanya kazi? Taa ikiwaka na ujumbe ukifika kwenye simu ya mwalimu, watu wanapiga makofi. Huku jopo huuliza pakiti ngapi kati ya elfu zilifika, na betri ilikula kiasi gani. Maswali hayo yanazaa mambo ambayo maonyesho hayawezi kuyafichua. Redio ya CC2420, iliyotumika kwenye vifaa vingi vya utafiti vya miaka ya 2000, huvuta takriban miliampea 17.4 ikituma na 18.8 ikisikiliza tu. Kusikiliza kunakula kuliko kusema! Ukiiacha wazi muda wote, betri mbili za kawaida za AA zinaisha kabla ya wiki. Ndiyo maana kazi nyingi za fani hii zimehusu namna ya kuilaza redio na kuiamsha kwa wakati unaofaa, na wanafunzi wengi wamepunguza kipande kimoja kimoja cha tatizo hilo. Maonyesho ya dakika kumi kamwe yasingewaonyesha tatizo hilo.

Kuna desturi moja ya huku ningeipeleka nyumbani kesho. Siku ya kutetea tasnifu, mwanafunzi mwingine hupewa kazi ya kuisoma yote mapema na kuihoji mbele ya watu, na hiyo ni sehemu ya masharti yake mwenyewe ya kuhitimu. Hivyo kila tasnifu imesomwa na angalau mtu mmoja wa rika lake aliyejaribu kuielewa kwa dhati. Halafu nyingi zinawekwa kwenye hifadhi ya DiVA, ambako mtu yeyote mwenye intaneti, hata akiwa Mbeya au Kisumu, anaweza kuzipakua bure.

Lakini nyumbani nako kuna maswali ambayo Uppsala haiwezi kuyajibu. Vifaa vya maabara za huku hukaa juu ya dari za ofisi, vikilishwa umeme usiokatika. Havijui vumbi la kiangazi, sisimizi wanaojenga ndani ya boksi, wala mtandao wa simu unaopotea mvua ikinyesha. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza mradi wa AirQo mwaka 2015 kikitengeneza vipima hewa vya bei nafuu kwa mazingira hayohayo, na baadhi vilifungwa kwenye bodaboda za Kampala. Mradi wa WIMEA-ICT, uliounganisha Makerere, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Juba na kile cha Bergen, uliwapa wanafunzi wa uzamili na uzamivu kazi ya kutengeneza vituo vya hali ya hewa, wakirekebisha mfano mmoja na kutoa mwingine. Hawa hawakuanza sifuri kila mwaka. Tatizo lilibaki palepale, watu wakapokezana.

Idara yenye wanafunzi thelathini wa mwaka wa mwisho haihitaji fedha za wafadhili ili kufanya hivyo. Inahitaji hazina moja ya msimbo inayomilikiwa na idara badala ya laptopu ya mtu, na ukurasa mmoja wa lazima kwenye kila ripoti unaoeleza kilichoshindikana na volti zilizopimwa. Inahitaji pia mwalimu aliye tayari kumwambia kijana: mradi wako ni ule wa kumwagilia bustani wa mwaka jana. Nenda kapime unadumu siku ngapi kwa betri moja, kisha uongeze siku hizo mara mbili.