Haikuwa Kutu

Shoki za mbele za Probox yangu nilianza kuzibadilisha mwenyewe, uani, Kawangware, ili nisimlipe fundi. Nikamvunja mpwa wangu vidole viwili. Nawasimulia kwa sababu najua mko wengi wa kiasi changu: si mafundi, lakini si wageni wa spana.

Gari lilikuwa linagonga mbele kila likiingia shimoni, na huku kwetu shimo halitafutwi. Shoki mpya nilizinunua Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wengi bado tunaiita Grogan. Muuzaji aliuliza nani atanifungia. Nikamjibu kwa sauti ya mtu mwenye gereji yake.

Kuitoa ya kwanza hakukunishinda, na hilo ndilo lililoniponza. Niliweka gari juu ya stendi, nikazuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, nikafungua linki ya stabilaiza, nikachomoa mpira wa breki kwenye kishikio chake, nikatoa bolti mbili za chini na nati tatu za juu, kule chini ya boneti. Shoki ikatoka na springi yake. Ilibaki nati ya katikati, ambayo haiguswi mpaka springi ibanwe. Nilijua. Sina ujinga wa kujificha nyuma yake.

Mtindo huu wa kuunganisha shoki na springi pamoja ni wa Earle MacPherson, mhandisi Mmarekani wa miaka ya 1940, na umejaa katika magari madogo tunayoletewa kutoka Japani. Springi humo hukaa imebanwa hata shoki ikiwa imelala sakafuni. Kinachoizuia kurefuka ni nati hiyo moja. Ndiyo maana hubanwa kwanza kwa vibano viwili, pande zinazoelekeana, vikikazwa kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule.

Vibano niliviazima kwa jirani. Kimoja kilikuwa kimeisha nyuzi, kikikazwa kinateleza. Kupata kingine kulitaka ningoje Jumatatu, na mpwa wangu alikuwa ameshafika kutoka Kibera kunisaidia, chai ameshakunywa. Upande wa pili nikaufunga kwa waya wa ujenzi, mizunguko mingi, nikaukaza kwa koleo hadi nikaridhika. Kuridhika kwangu hakukupimwa na chochote.

"Anko, mbona springi imepinda?"

Ilikuwa imepinda kweli, tumbo limetokeza upande wa waya.

"Shika tu," nikasema.

Nikaanza kufungua. Nati ilikuwa ngumu. Yenye kutu huwa hivyo mwanzoni, kisha hulegea, hii haikulegea. Nikanyunyiza mafuta, nikachomeka bomba kwenye mpini wa spana, nikaendelea kuilaani kutu. Nyuzi zilipokaribia kwisha nikaona mauntingi, ile sahani ya juu ya springi, inapanda pamoja na nati, imeigandama kutoka chini, hakuna upenyo wa hata karatasi. Hapo nikaelewa. Springi ingekuwa imebanwa, nati ingezunguka kwa vidole na mauntingi ingecheza chini yake. Haikuwa kutu. Muda wote ule nilikuwa nasukumana na springi. Nikafungua mdomo nimwambie aachie. Waya ukakatika kwanza.

Mauntingi ilinipita sikioni ikatoboa bati la ua. Springi ikarukia upande wa waya, na huko ndiko mkono wake ulikokuwa.

Mpwa wangu ni kinyozi, karibu na soko la Toi. Ulikuwa mkono wa kulia, kidole cha kati na cha pete. Kiti chake kilikaliwa na kijana mwingine hadi plasta ilipotolewa, na wateja wengine hawakumrudia. Nililipa hospitali, nikalipa na kodi ya nyumba yake. Kwa pesa hizo fundi angenifungia shoki za jirani pia. Kidole cha pete bado hakikunjiki sawasawa. Dada yangu, mama yake, aliniuliza swali moja tu: mwenzako alishika springi, wewe ulishika nini? Nilishika spana.

Shoki ya pili niliitoa mwenyewe vilevile, ila sikuigusa nati ya katikati. Niliitia guniani nikaipeleka kwa boda hadi gereji yenye mashine ya kubania springi. Fundi akaibadilisha nikiwa nimesimama hapohapo, akatoza kidogo, kwa kuwa kazi kubwa nilikuwa nimeshaifanya. Njia hiyo ilikuwepo hata Jumapili ile. Basi na wewe ukifika kwenye nati ya katikati, kwanza zungusha mauntingi kwa mkono. Ikikataa, weka spana chini, uipeleke shoki kwa fundi ilivyo.