Ukiteremka Nyasa, Yaheshimu Maji

Ndugu msomaji, mtu atokaye Mbinga kwenda Mbamba Bay hutoka kwenye baridi na kuingia kwenye joto kwa safari ya kilomita 66 tu. Nyuma yake huiacha milima ya kahawa, na miteremko mikali ambako Wamatengo huchimba mashimo ya ngoro ili udongo na maji ya mvua visiporomokee bondeni. Mbele yake hulifungukia Ziwa Nyasa, mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, lenye maji maangavu na mchanga mweupe, na milima imelizunguka mithili ya ukuta. Gari halijasimama bado, watoto wamekwisha kuvua viatu.

Hapo ndipo ninapokuomba uwazuie kidogo.

Katika misitu ya Amerika Kaskazini, wapiga kambi hufundishwa kutolala na chakula hemani, maana harufu humwita dubu. Sisi hatuna dubu. Tuna mamba na kiboko. Hata hivyo, somo ni lile lile: ijue saa ya mnyama, ijue njia yake, wala usimzoeze chakula chako.

Tuanze na mamba. Yeye hapendi kufukuza. Kazi yake ni kungoja. Hujilaza majini karibu na ukingo, pua na macho tu yakiwa juu, au hujizamisha kabisa asionekane. Hupenda mahali palipotulia: midomo ya mito kama Ruhuhu, penye matete, na vidimbwi vya pembeni. Huwinda zaidi jua linapotua na usiku. Wakati wa masika mito hufurika na maji huchafuka, hata mwenye macho makali asione kitu. Naye mamba jike aliyetaga hulilinda tuta la mayai yake kwa muda wa miezi mitatu hivi. Ole wake atakayelikaribia.

Mvuvi mmoja mzee niliyemwamkia ufukweni alinifundisha kwa maswali.

"Mwanangu, jana ulioga wapi?"

Nikamwonyesha.

"Na leo?"

Nikamwonyesha pale pale. Tena ilikuwa saa ile ile.

Mzee akatikisa kichwa. "Basi kesho usije hapo. Mwenye maji naye ana macho."

Maneno hayo yanatosha kuwa mwongozo wa msafiri. Mamba hujifunza mazoea yetu. Kwa hiyo, waulize wenyeji kwanza, nawe uoge pale wanapooga wao, mchana, mahali peupe pasipo matete. Usiwaache watoto wacheze peke yao ukingoni. Matumbo ya samaki usiyatupe unapooga wala unapoteka maji, kwani huko ni kumwandalia mamba meza. Na ikitokea bahati mbaya akamshika mtu, piga kelele, mpigeni machoni bila kukoma.

Kiboko yeye hana haja ya nyama yako, lakini ni mkali kupita kiasi. Mchana hukaa majini. Usiku hutoka kwenda kula majani, na kabla ya mapambazuko hurejea kwa njia ile ile. Utaitambua njia hiyo kwa nyasi zilizolazwa na kinyesi kilichotawanywa. Usipige hema lako hapo hata kama pamesafishwa vizuri, wala usisimame kati ya kiboko na maji. Pamoja na uzito wake unaopita tani moja, mbio zake humshinda binadamu. Na ukiwa ndani ya mtumbwi, lizungukie kundi lao kwa mbali.

Yote haya, ndugu msomaji, ni rahisi kwangu na kwako. Sisi tukiambiwa tusirudi mahali pale, hatutarudi. Asubuhi moja nilimwona mama akishuka ziwani na ndoo, mtoto akimfuata na sufuria. Nilimweleza maneno ya mzee. Akacheka kwa upole. "Baba, mtoto anakwenda shule, na moto umekwisha kuwaka. Nitabadilisha saa gani?"

Sikuwa na jibu. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 imeweka utaratibu wa kifuta machozi kwa waliofiwa kwa sababu ya wanyama wakali, na ni haki yao. Lakini kifuta machozi hakimrudishi mtoto. Dawa ya kweli ni maji kumfuata mama nyumbani. Na popote ambapo bomba au kisima bado hakijafika, jamii yaweza kuzungushia uzio imara mahali pa kuteka, kama ilivyofanyika kwenye baadhi ya vijiji vya Ziwa Victoria upande wa Sengerema. Hata ndoo iliyofungwa kwenye mti mrefu humweka mtekaji mbali kidogo na ukingo.

Basi nenda Nyasa, uwapeleke na watoto. Wakaone jua likizama upande wa Malawi, wakale mbasa na dagaa wa ziwa hilo. Lakini jioni ile, utakapowaita watoke majini mapema, waeleze pia kwamba yupo mwenzao wa rika lao ambaye kesho alfajiri atashuka pale pale na sufuria, wala si kwa kucheza.